KIVULI CHA MKONO: UDANGANYIFU MPYA NDANI YA PICHA ZETU

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, Aliyejaalia giza na nuru. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake, Maswahaba zake, na kila anayefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, yapo maovu ambayo khatibu akiyataja juu ya mimbari kila maamuma huinamisha kichwa, kwa kuwa kila mtu anayajua: riba, ulevi, zinaa, ushirikina. Na yapo mengine ambayo yameingia majumbani mwetu, madukani mwetu na hata misikitini mwetu, na hakuna anayeyauliza yametoka wapi. Katika makala haya tunakusudia kulitaja moja katika hayo, nalo ni tabia ya kukoleza vivuli ndani ya picha kwa kompyuta na kwa simu, ili kitu kionekane sivyo kilivyokuwa mbele ya kamera. Watu wameliita jambo hili urembo. Wengine wameliita utaalamu. Sisi tunaliita kwa jina lake: ni kughushi ushahidi.

JAMBO LENYEWE NI LIPI?

Kwa wasioijua kazi hii, tuieleze kwa ufupi. Picha ya kamera ya kisasa ni mamilioni ya nukta ndogo, na kila nukta ina kiwango chake cha mwanga kilichoandikwa kwa tarakimu. Mwenye programu ya kurekebishia picha anaweza kuishika sehemu yoyote ya picha akaipunguzia mwanga, ikawa nyeusi kuliko ilivyokuwa. Akifanya hivyo kando ya pua, pua huonekana nyembamba. Akifanya hivyo chini ya macho, mtu mzima wa afya huonekana mgonjwa, au mwenye ghadhabu. Akifanya hivyo kati ya mbavu, mtoto aliyeshiba huonekana ana njaa. Akifanya hivyo penye mapaja na mabega ya fahali, mnyama aliyekonda huonekana amejaa nyama. Hakuna mtu aliyeongezwa katika picha wala aliyeondolewa. Ni kivuli tu kilichokolezwa, lakini habari yote imegeuka.

Kazi hii haikuanza na kompyuta. Zamani fundi wa picha alifanya kazi katika chumba cha giza, akiangaza mwanga juu ya karatasi maalumu. Mahali palipopata mwanga kwa muda mrefu zaidi palizidi kuwa peusi, naye alitumia viganja vyake kuuzuia mwanga huku na kuupitisha kule. Programu ya Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, iliurithi ufundi huo, na chombo chake cha kutia weusi kina alama ya mkono uliokunjwa vidole. Ndugu msomaji, ikumbuke alama hiyo ya mkono, kwa kuwa tutairudia. Ufundi uliohitaji miaka ya kujifunza sasa umo ndani ya simu ya kijana yeyote, kuanzia Bariadi mjini hadi Maswa, Mwanhuzi na Lamadi, na unahitaji kidole kimoja tu.

KIVULI NI SHAHIDI

Katika Suratul Furqan, aya ya 45 na ya 46, Allah (S.W.) Anatuelekeza tutazame namna Anavyokitandaza kivuli, na kwamba lau Angetaka Angekifanya kitulie, kisha Akalifanya jua kuwa ni dalili yake, kisha Anakivuta kwake kidogo kidogo. Kivuli, basi, ni ishara miongoni mwa ishara za Muumba.

Na sheria yetu imekifanya kivuli kuwa shahidi wa ibada. Adhuhuri huingia jua linapopinduka na kivuli kikaanza kurefuka kuelekea mashariki. Alasiri, kwa madhehebu ya Imam Shafi na wanazuoni walio wengi, huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, baada ya kutoa kile kivuli kilichokuwepo wakati wa kupinduka. Kabla ya saa za ukutani na kalenda za kubandika, Waislamu walichomeka kijiti ardhini na wakasali kwa ushahidi wake. Hapa Bariadi, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na kuelekea mwanzoni mwa Oktoba, kivuli cha adhuhuri hukaribia kutoweka kabisa, na mwenye kupima hana budi kujua hilo. Sasa, lau mtu angekiinamisha kijiti kile kwa siri ili watu wasali kabla ya wakati, nani angemwita fundi? Kila mtu angesema ameharibu ibada za watu.

Ndani ya picha kivuli kina kazi ileile ya ushahidi. Kivuli ndicho kinachomwambia mtazamaji jua lilikuwa upande gani, jeraha lina kina gani, shavu limebonyea kiasi gani, ufa wa ukuta una upana gani. Jicho hutambua kina na umbo kwa kutazama mwanga unavyopungua. Ndiyo maana wataalamu wa kuchunguza picha za kughushi nao hutazama vivuli, kuona kama vyote vinalitii jua moja. Basi anayekoleza kivuli asijidanganye kwamba anapamba. Anamlisha shahidi maneno.

RUHUSA YA PICHA ILISIMAMA JUU YA NINI?

Wengi wetu tunaujua mjadala wa picha. Zimepokewa hadithi sahihi zenye onyo kali kwa watengenezao sura za viumbe wenye roho, kwamba Siku ya Kiyama wataamrishwa wazitie uhai sura walizozifanya, nao hawataweza. Kamera ilipoenea ulimwenguni, wanazuoni walikhitalifiana. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999, Allah Amrehemu, alishikilia kwamba onyo hilo linaingia hata katika picha za kamera, isipokuwa panapokuwa na dharura kama ya vitambulisho. Upande wa pili, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliandika risala ya kuziruhusu. Hoja yake ilikuwa kwamba kamera haiumbi wala haichori. Kazi yake ni kukifunga tu kivuli cha kitu ambacho Allah Amekwisha kukiumba. Naye Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, alitofautisha baina ya mchoraji anayepanga macho na pua kwa mkono wake na mpiga picha ambaye mashine imemfanyia kazi yote. Alitoa mfano wa barua iliyonakiliwa kwa mashine: maandishi hubaki kuwa ya yule aliyeyaandika, si ya aliyebonyeza kitufe. Pamoja na hayo alikumbusha kwamba hukumu inafuata makusudio ya picha.

Hatukusudii kuhukumu baina ya masheikh hawa. Tunauliza swali moja tu: ruhusa ya hao walioruhusu ilisimama juu ya nguzo gani? Ilisimama juu ya kutokuwepo kwa mkono. Picha iliruhusiwa kwa sababu ni kivuli kilichofungwa, mfano wa sura ndani ya kioo, na mwanadamu hakuitia umbo lake. Sasa kijana anayeketi mbele ya kompyuta saa nzima akipunguza pua ya Mwenyezi Mungu kwa kivuli cha kwake, akichimba mashavu, akikuza misuli, huyo amebaki na nguzo gani? Mkono umerudi, na alama yake imechorwa palepale kwenye chombo anachokitumia! Barua iliyonakiliwa ni nakala, lakini ikiongezwa sifuri moja kwenye kiasi cha fedha, si nakala tena, ni hati ya kughushi, hata kama maneno mengine yote yamebaki vilevile.

Kwa hiyo anayefuata kauli kali hana hoja ya kutetea jambo hili, na anayefuata kauli nyepesi naye hana. Huwezi kuingia kwa fatwa ya kioo, ukatoka na brashi ya mchoraji.

KANZU MBILI ZA NABII YUSUF

Atakayesema kwamba jambo hili ni jipya na halina mfano katika Kitabu cha Allah, na aisome Suratu Yusuf. Katika aya ya 18 tunasimuliwa kwamba ndugu zake Yusuf (A.S.) waliileta kanzu yake kwa baba yao ikiwa na damu ya uongo. Zingatia: kanzu ilikuwa ya Yusuf kweli, na damu ilikuwa damu kweli. Kilichokuwa uongo ni ule mkono uliovikutanisha viwili hivyo. Wafasiri wameeleza kwamba Nabii Yaakub (A.S.) aliustukia uongo ule kwa kuiona kanzu haikuraruka, kana kwamba mbwa mwitu alimvua mtoto nguo kwa upole kabla ya kumla.

Kisha katika sura hiyohiyo, aya ya 26 hadi ya 28, inakuja kanzu ya pili, iliyoraruliwa kwa nyuma, na kwayo Yusuf akathibitika kuwa hana hatia. Kanzu ile ya pili haikuguswa na mtu kwa nia ya kuieleza. Iliachwa kama ilivyoraruka, nayo ikasema kweli. Ndugu Waislamu, kila picha tunayoitoa ni mojawapo ya kanzu hizi mbili. Hakuna kanzu ya tatu.

MOSHI WA BEIRUT NA MAZISHI YA GAZA

Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika, kwamba vyombo vya habari vya nchi za Magharibi vinawatia watu giza usoni. Mfano mashuhuri ni wa Juni 1994. Jarida la Time la Marekani lilichapisha kwenye jalada lake picha ya polisi ya O. J. Simpson, mtu mweusi aliyekuwa anatuhumiwa kuua, ikiwa imetiwa weusi mkubwa kuliko asili yake. Wiki hiyohiyo jarida la Newsweek lilitoa picha ileile bila ya kuikoleza. Majalada mawili yakakaa bega kwa bega, na ulimwengu ukaona. Kesi ilikuwa bado haijasikilizwa, lakini kivuli kilikuwa kimeshatoa hukumu. Jarida lilishutumiwa vikali, na mhariri wake akalazimika kujieleza kwa wasomaji.

Sawa, hilo tumeliona. Je, la kwetu tumeliona? Mwaka 2006 Israel iliishambulia Lebanon, na Walebanoni zaidi ya 1,000 wakauawa. Mabomu yalikuwa ya kweli, moshi ulikuwa wa kweli, na maiti walikuwa wa kweli. Mwezi Agosti mwaka huo, mpiga picha mmoja wa kujitegemea aliyelipiga picha jiji la Beirut aliukoleza moshi kwa kompyuta, akaunakili na kuuongeza, ili uonekane mweusi na mwingi zaidi. Watu wakaugundua mchezo wake, kwa kuwa moshi ulijirudia kwa umbo lilelile. Shirika la habari la Reuters likaachana naye na kuziondoa picha zake zote 920. Faida ya jambo hili aliipata nani? Waliofaidika ni wale waliotaka ulimwengu uamini kwamba vilio vya Lebanon ni maigizo. Moshi wa uongo uliufunika moshi wa kweli. Wafu hawakuhitaji rangi yetu, nasi tukawapaka, na kwa kuwapaka tukawanyang'anya ushahidi wao.

Mfano wa pili una uchungu zaidi. Tarehe 20 Novemba 2012, mpiga picha wa Kiswidi, Paul Hansen, alipiga picha mjini Gaza ya wanaume wakiwabeba watoto wawili ndugu, wamekafiniwa, wakipelekwa kuzikwa baada ya nyumba yao kupigwa bomu. Picha ile ilipewa zawadi kubwa ya World Press Photo mwaka 2013. Lakini mwanga na vivuli vyake vilikuwa vimerekebishwa mno, mpaka watu wakasema inafanana na mchoro wa sinema. Mwezi Mei mwaka huo ikadaiwa kwamba ni picha kadhaa zilizounganishwa. Wataalamu wakaitazama picha asilia, wakathibitisha kwamba haikuunganishwa, ila imerekebishwa rangi na mwanga tu. Tazama lakini hasara iliyopatikana! Kwa wiki nzima watu walibishana juu ya vivuli ukutani, na si juu ya watoto waliouawa. Mwaka 2015 mashindano hayohayo yalizitoa kiasi cha asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho, kwa sababu ya kurekebishwa kupita mpaka. Watu wasio na aya wala hadithi wameweka mpaka. Sisi tunaofundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alipoyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, kisha alipofika kwenye ushahidi wa uongo akaketi na kulikariri neno hilo mara nyingi, sisi mpaka wetu uko wapi?

NA HAPA KWETU SIMIYU?

Huenda msomaji akasema, Beirut ni mbali. Basi na turudi nyumbani. Mkoa huu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ni mkoa wa pamba na mifugo. Kila mkulima hapa anaujua ubaya wa mtu anayetia maji au mchanga ndani ya pamba ili izidi uzito kwenye mizani, na anajua namna tabia hiyo inavyoiharibu pamba ya wote, hata ya mwaminifu. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, akakuta unyevu umefichwa chini ya iliyokauka. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akatangaza kwamba anayetughushi si katika sisi. Hadithi hii ipo katika Sahihi Muslim. Kivuli kilichokolezwa ni mchanga ndani ya pamba ya macho.

Tazama mnada wa ng'ombe. Siku hizi dalali hutuma picha ya fahali kwa mnunuzi aliye Mwanza au Dar es Salaam, na bei hupatanwa kabla mnyama hajaonekana. Akizikoleza nyama za mnyama kwa kivuli, amefanya alilolikataza Mtume (S.A.W.) pale alipokataza kumfunga kiwele mnyama ili maziwa yajikusanye na mnunuzi adhani ni mkamuliwa mwingi. Aliyedanganywa hivyo alipewa hiari ya siku tatu, amzuie mnyama au amrudishe. Wanazuoni wa fiqhi wanauita mlango huu tadlisi, yaani kuipa bidhaa sifa isiyokuwa nayo ili kumhadaa mnunuzi. Kamba iliyofunga kiwele na kidole kilichokoleza kivuli hukumu yao ni moja.

Tazama posa. Sunna imempa mwanamume ruhusa ya kumtazama anayetaka kumposa, ili ndoa ijengwe juu ya ujuzi. Leo jicho limeachiwa picha, na picha imeachiwa studio. Pua imesuguliwa kwa vivuli viwili pembeni, mashavu yamechongwa, na rangi ya ngozi imepaushwa. Na kijana mwanamume naye kakolezwa kifua na ndevu. Siku ya harusi watu wawili wanakutana wasiojuana. Msiba mwingine ni kwamba binti anafundishwa na mashine kuichukia sura aliyopewa na Mola wake. Leo anajipaka weupe ndani ya simu, kesho anautafuta mkorogo dukani. Mtume (S.A.W.) amemfananisha mwenye kujionyesha kuwa amepewa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo.

Tazama michango. Hapa tunasema kwa uchungu, kwa kuwa wanaofanya hivi ni watu wa dini. Mtoto yatima anapigwa picha. Kivuli kinatiwa chini ya macho yake, mbavu zake zinachimbwa, ukuta wa nyuma unatiwa weusi, na picha inatumwa kwa wafadhili. Mtoto yule ni yatima kweli na anahitaji kweli. Kwa nini basi tumvishe njaa ambayo hakuwa nayo siku ile? Akikua akaiona sura yake ile ikizunguka mikononi mwa watu, atatujibu nini, nasi tutamjibu nini Allah, Aliyekataza yatima asionewe?

Na liko la kutisha zaidi. Kila mtu wa kanda hii anajua kwamba kwa miaka mingi wazee wetu, hasa akina mama vikongwe, wameuawa Usukumani kwa tuhuma za uchawi, na kwamba macho mekundu yaliyoletwa na miaka ya moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe yamehesabiwa kuwa dalili. Katika ardhi kama hii, mtu anayemkoleza kikongwe vivuli vya macho na kuitawanya picha yake kwa mzaha au kwa husuda, hachezi. Anampeleka mama wa watu kwenye panga. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweza kumfikia, lakini mahakama ya Allah itamfikia kwa yakini. Ndiyo maana Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamuru tuichunguze habari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukawa wenye kujuta. Picha ni habari, na aliyeikoleza ni fasiki katika habari hiyo.

HOJA ZA WANAOTETEA

Husemwa kwanza kwamba hata kamera yenyewe haisemi kweli: juani hutia weusi uso, ndani hufifisha. Jawabu ni kwamba kurekebisha kosa la mashine ili picha irudi kwenye kile jicho lililokiona si kosa, bali ni uaminifu. Picha nzima ikiwa na giza, ing'arishwe. Tunachokikataa ni kushika sehemu moja ya picha na kuipa kisichokuwepo. Mizani ni nyepesi: mwite aliyekuwepo pale, muonyeshe picha, muulize kama hivi ndivyo alivyoona. Akisita, umeghushi. Na simu inayolainisha sura bila kuulizwa, mwenyewe aizuie. Mfanyabiashara mwenye mizani mbovu haponi kwa kusema kwamba aliinunua hivyohivyo.

Husemwa pili kwamba nia ni njema, tunaitetea dini na kuwasaidia wanyonge. Ndugu, nia njema haiigeuzi haramu kuwa halali. Aliyeiba ili atoe sadaka ana dhambi ya wizi na hana thawabu ya sadaka. Allah ni Mzuri, na Hapokei ila kilicho kizuri.

Husemwa tatu kwamba Mtume (S.A.W.) aliruhusu hila vitani. Ndiyo, aliruhusu vitani, dhidi ya adui aliyeshika silaha. Je, mfadhili anayetoa shilingi yake ni adui? Muumini anayeposa ni adui? Jirani yako asiye Muislamu anayekusalimu kila asubuhi ni adui? Waislamu wa Simiyu tu wachache, na rasilimali yetu kubwa mbele ya majirani zetu ni kuaminiwa. Mtume wetu aliitwa Al-Amin na watu wasiomwamini, kabla hajapewa utume.

Na husemwa nne kwamba wapo wanaofunika nyuso za wanawake kwa weusi ndani ya picha, je, nao wameghushi? Hapana. Weusi ule uko wazi, kila mtu anajua kwamba uso umesitiriwa, na hakuna aliyehadaika. Sitara si udanganyifu. Udanganyifu ni kile kisichotaka kujulikana.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kamati za misikiti na madrasa zisitoe picha yoyote ya kuombea mchango ila ile iliyotoka ndani ya kamera, na picha asilia ihifadhiwe, ili anayeuliza aonyeshwe. Picha iambatane na hesabu: nini kinahitajika, kiasi gani kimepatikana, kimetumikaje. Mfadhili mwenye hesabu mbele yake hana haja ya mbavu zilizochorwa.

Pili, mawalii wasikubali posa ya picha peke yake. Waruhusu kutazamana kwa namna ya sheria, mahali penye mahram.

Tatu, wauzaji wa mifugo na mazao watume picha isiyoguswa, na mnunuzi apewe hiari atakapokiona kitu chenyewe.

Nne, vijana wetu wenye studio, na kazi yao ina heshima, wajue kwamba kukataa ombi la kukoleza ni sawa na kukataa kupunja kipimo. Suratul Mutaffifin haikuwashukia wauza nafaka peke yao. Mteja mmoja ataondoka kwa hasira, na riziki iko kwa Allah.

Tano, kila mmoja wetu, kabla ya kuisambaza picha ya jeraha, ya moshi au ya uso wa mtu, ajiulize nani aliyeipiga, wapi, lini. Asipopata jibu, aizuie mkononi mwake.

Ndugu Waislamu, Siku inakuja ambayo kitabu cha kila mtu kitafunuliwa mbele yake, hakikuacha dogo wala kubwa, na hakuna kidole kitakachoweza kukigusa. Siku hiyo watakuwepo watakaokuwa chini ya kivuli cha Arshi ya Allah, siku ambayo hakutakuwa na kivuli ila kivuli Chake. Anayekitamani kivuli hicho na aviache vivuli vya uongo leo.

Tunamuomba Allah (S.W.) Atuonyeshe haki kuwa ni haki na Aturuzuku kuifuata, Atuonyeshe batili kuwa ni batili na Aturuzuku kuiepuka, na Ajaalie ndimi zetu, mikono yetu na picha zetu ziwe mashahidi wa kweli juu yetu, si dhidi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.